Walipima Udongo, Wakadhani Wamepima Mtama

Kosa lilifanyika kabla hata suke moja halijakatwa: shamba la uteuzi wa halaiki halikugawanywa viraka. Mliokuwepo siku ile ya wakulima kwenye kituo kimoja cha nchi kavu, ambacho leo sitakitaja jina, mliyaona masuke yalivyopangwa juu ya turubai, mazito, yamejaa hadi shingoni, na mliyasikia makofi. Mimi nilikuwa nimeinama nasoma lebo. Namba za mistari zilikuwa karibu zote za upande wa chini wa shamba, kule ambako zamani palikuwa na zizi la ng'ombe. Sasa ripoti imetoka. Jedwali la tatu linasema uteuzi wa halaiki haukuongeza mavuno, uteuzi wa S1 uliongeza, na kwa hiyo halaiki iachwe. Sishangai, ila sikubali.

Wala siitetei halaiki kwa mapenzi. Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtu wa S1, na nitabaki hivyo. Lakini kumshinda mpinzani uliyemfunga miguu si ushindi wa kuandikia ripoti.

Tukumbushane kilichokuwa kinalinganishwa. Walichukua jamii moja ya mtama yenye jeni ya ms3, ile inayofanya baadhi ya mimea isitoe chavua, wakaipitisha njia mbili. Njia ya halaiki: tembea shambani, chagua mimea bora mmoja mmoja, changanya mbegu zake, panda tena msimu unaofuata. Njia ya S1: funika masuke ya mimea yenye chavua ili ijichavushe, panda watoto wa kila mmea kwenye vitalu vyenye marudio, kisha rudi kwenye mbegu ya akiba ya koo zilizoshinda na uzichanganye. Mwishoni panda kila mzunguko pamoja na jamii ya mwanzo, mahali pamoja, uone nani kapanda na nani kakwama. Upande wa S1 ulifanywa vizuri, marudio yalitosha, vitalu vilikuwa na mistari ya pembeni ya kuzuia ushindani. Sina neno.

Kasoro yote iko upande wa pili. Shamba lile linateremka. Juu ni udongo mwekundu wa kichanga, mvua ikikata siku kumi majani yanajikunja kabla ya saa nne asubuhi. Katikati unapita kwenye kichuguu kilichosawazishwa na trekta, ambacho hata leo utakijua kwa rangi ya mimea. Chini ni udongo mweusi unaoshika maji, na ndani yake samadi ya zizi. Mtu yeyote aliyewahi kulima anajua mtama wa huko chini utakuwa na bua nene na suke la kutosha hata kama mbegu yake ni ya ovyo. Ukiingia shamba la namna hiyo na mizani, ukaambiwa chagua masuke mazito kuliko yote shamba zima, miguu itakupeleka yenyewe kwenye zizi.

Tuseme kule juu kuna mmea wenye suke la gramu 60, na majirani zake wanaouzunguka wana wastani wa gramu 40. Kule chini kuna mmea wenye suke la gramu 90, na majirani zake wana gramu 95. Yupi kati ya hawa ana jeni unazozitaka? Wa juu amewapita wenzake kwa nusu ya uzito wao, akiwa amekula chakula kile kile walichokula wao. Wa chini amezidiwa na majirani, kabebwa na samadi tu. Waliochagua kwa shamba zima walimchukua wa chini na kumwacha wa juu apelekwe ghalani. Wangegawa shamba viraka, na kuchukua walio bora ndani ya kila kiraka, wa juu angechukuliwa na wa chini angeachwa. Hicho ndicho viraka vinachofanya: vinautoa udongo kwenye hesabu ili kinachobaki kikaribie tofauti ya mmea na mmea. Bila hivyo kiwango cha kurithi kinaporomoka, na unachokichagua hakiendi na mbegu, kinabaki shambani.

Nilipouliza kwa nini, niliambiwa muda ulikuwa mfupi, wasaidizi walikuwa wachache, na kwamba masuke makubwa yanajionyesha yenyewe. Sababu mbili za kwanza nazifahamu, nimeishi nazo. Hii ya tatu ndiyo inayonitia hasira kila ninapoisikia, na nimeisikia tangu nikiwa kijana. Suke kubwa ni jambo la kumfurahisha mgeni rasmi. Anayechagua mbegu anatakiwa ajue ukubwa huo umetoka wapi.

Isitoshe, dawa yake inajulikana tangu mwaka 1961. Charles Gardner wa Nebraska alichukua mahindi ya Hays Golden, mbinu ya halaiki ikiwa tayari imekwisha kudharauliwa na wakubwa wa chotara, akafanya mambo machache ya kawaida kabisa. Alilitenga shamba lake lisichavushwe na mahindi mengine, akaligawa viraka vidogo, akachagua asilimia 10 ya mimea iliyo bora ndani ya kila kiraka. Mavuno yakapanda kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka katika vizazi vile vya mwanzo. Mbinu iliyokuwa imezikwa ikafufuka kwa kamba na vigingi. Miaka zaidi ya 60 baadaye, sisi tunaizika tena kwa kukosa kamba na vigingi.

Madhara hayakuishia kwenye udongo. Chavua ya mtama huchukuliwa na upepo, lakini nyingi huangukia karibu. Ukiwachagua mama wote kutoka kona moja, maana yake umewachagua waliochavushwa na madume wa kona hiyo hiyo, na jamii uliyoianza ikiwa pana inaanza kuwa ya kindugu. Halafu kuna kimo. Jamii ile bado ilikuwa na mchanganyiko wa jeni za ufupi, zile nne ambazo Quinby na Karper walizieleza mwaka 1954. Mmea mrefu uliosimama katikati ya mafupi unamnyima jirani mwanga na unajipa suke zito. Ukiupanda mwakani ukiwa umezungukwa na warefu wenzake, uzito ule hauonekani tena. Na kule chini kwenye unyevu, mimea iliyochelewa kukomaa ilipata wiki za ziada za kujaza punje. Kwa hiyo waliochaguliwa walielekea kuwa warefu na wachelewaji, na ndio hao walioingizwa kwenye jaribio la mwisho kule kwenye udongo mwekundu, mwaka ambao mvua iliondoka mapema. Mnategemea nini hapo?

Hata uzito wenyewe waliupima suke likiwa zima, na kikonyo chake, bila kupukuchua. Hilo naliacha.

Sasa tazameni wakongwe walivyofanya kazi. Serere, Teso, mashariki mwa Uganda, enzi za shirika la utafiti wa kilimo la Afrika Mashariki, Hugh Doggett alikuwa na swali hili hili. Alikuwa ametoka Ukiriguru, akijua vizuri maisha ya mtama wa Usukuma kabla hajaenda kwa Wateso. Kabla ya ms3 mtama ulikuwa zao la kusumbua kwa uteuzi wa mizunguko, kwa sababu unajichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Ukiuacha shambani hauchanganyiki vya kutosha. Jeni ya ms3, iliyotangazwa na Webster mwaka 1965, ilifungua mlango. Mmea wenye nakala mbili za jeni hiyo hautoi chavua inayofaa, kwa hiyo punje yoyote utakayoikuta juu yake lazima iwe imechavushwa na mwingine. Doggett na Steve Eberhart wakaandika juu ya uteuzi wa mizunguko katika mtama mwaka 1968, na mwaka 1972 Doggett akaeleza kwa kirefu mizunguko ya Serere.

Kazi yenyewe inataka mtu wa kuamka mapema. Maua ya mtama hufunguka alfajiri, yakianzia kileleni mwa suke na kushuka kidogo kidogo kila siku, hadi yafike chini baada ya wiki moja hivi. Katika saa hizo unapita mstari kwa mstari. Mmea wenye chavua unaning'iniza vifuko vinono vya manjano; ukiligusa suke, vumbi linabaki kwenye vidole. Mmea tasa una vifuko vyembamba, vyeupe, vikavu. Unaufunga utepe papo hapo. Ukisubiri hadi mavuno umekwisha, kwa sababu suke tasa lililochavushwa vizuri halina tofauti na lenzake, na utakayemvuna kwa kubahatisha huenda ni yule aliyejichavusha. Utepe huu vijana wetu waliufunga, na waliufunga sawasawa. Ndiyo maana nasikitika zaidi: asubuhi zote zile za umande, halafu masuke yakachaguliwa kwa kufuata samadi.

Doggett aliona pia tatizo ambalo ripoti yetu haijaligusa. Ukichagua mimea tasa peke yake umechagua mama tu. Baba ni chavua ya shamba zima, wazuri kwa wabaya, kwa hiyo nusu ya nguvu ya uteuzi inapotea hewani. Yeye akajaribu kupokezana: mzunguko mmoja achague mama tasa, mzunguko unaofuata achague mimea yenye chavua na kuifunika ijichavushe. Kwa kuwa mimea yenye chavua iliyozaliwa na mama tasa hubeba nakala moja ya ms3, ikijichavusha robo ya watoto wake watakuwa tasa, na mchezo unaendelea. Gharama yake ni mifuko ya karatasi. Angalau hapo unajua baba ni nani. Katika ripoti hii halaiki ilichezeshwa kwa mama tu, juu ya shamba lisilogawanywa, kisha ikaambiwa imeshindwa.

Ng'ambo ya mpaka, Kitale, kazi ya mahindi ilikwenda kwa ukali zaidi. Eberhart alifanya kazi pale miaka ya 1960, wakati Kenya ilipokuwa imetoa H611 mwaka 1964, chotara ya Kitale Synthetic II na Ecuador 573. Yeye na wenzake, akina Darrah, walianzisha ulinganisho wa mbinu kwenye jamii zile zile: halaiki, suke kwa mstari, S1, ndugu wa mzazi mmoja, ndugu wa wazazi wawili, na uteuzi wa kupokezana kati ya jamii mbili. Matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Fundisho ninalolikumbuka kila mwaka ni moja: walihakikisha kila mbinu imepewa nafasi yake ya haki kabla ya kuilinganisha na nyingine.

Kuna pia hesabu ya muda, ambayo ripoti imeipindisha. Faida imegawanywa kwa mzunguko badala ya mwaka. S1 inakula misimu mitatu: wa kufunika masuke, wa kupima koo, wa kuchanganya. Teso kuna mvua mbili, mtu aliyejipanga anamaliza mzunguko kwa mwaka mmoja na nusu. Dodoma na Singida mvua ni moja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, kwa hiyo bila umwagiliaji wa kiangazi mzunguko mmoja wa S1 ni miaka mitatu mizima. Halaiki inamaliza mzunguko kila masika. Hata ikiwa inapanda ngazi fupi, katika miaka hiyo mitatu imepanda ngazi tatu. Mimi bado ningeweka pesa zangu kwa S1, kwa sababu mavuno ya mmea mmoja ni shahidi dhaifu na vitalu vyenye marudio ni shahidi mzuri. Lakini kwa kituo kisicho na pampu wala mafuta ya pampu, halaiki iliyofanywa kwa viraka ni mbinu ya heshima, hasa kwa kimo, muda wa kukomaa na ukubwa wa punje, sifa ambazo jicho linaziona bila kudanganywa sana.

Mniruhusu niguse na donda langu la siku zote. Jaribio la mwisho lililishwa mbolea ya kupandia na ya kukuzia, likapaliliwa kwa wakati, na vijana wakalipwa kutwa nzima kufukuza kwelea kwelea. Mkulima wa Kongwa hana vijana hao, watoto wake wako shule. Ukichagua masuke meupe, laini, yaliyoachana vizuri, chini ya ulinzi wa kombeo, umechagua chakula cha ndege. Serena, aina ya mtama iliyotoka Serere miaka ya 1960 kwa kuchanganya Swazi na Dobbs ya magharibi mwa Kenya, ilikuwa ya kahawia na chungu kidogo, na wataalamu wa mezani waliisema sana. Ilibaki mashambani kwa sababu ndege waliikwepa wakipata kitu kingine. Sisemi turudi kwenye uchungu. Nasema sifa isiyopimwa kwenye jaribio itapimwa na kwelea kwelea.

Kuhusu mbolea, wenzetu wa Mali wamelifanyia kazi jambo hili kwa utulivu kuliko sisi. Huko mtama wa jamii ya guinea hupandwa kwenye udongo uliokauka fosforasi, na watafiti wakajiuliza: tuchague kwenye ardhi iliyolishwa, ambako tofauti zinaonekana vizuri, au kwenye ardhi fukara ambako mkulima yuko? Uchambuzi wao wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa anayelima ardhi fukara, kuchagua moja kwa moja kwenye ardhi fukara kuna tija zaidi. Kwetu swali hilo halipo hata kwenye ukurasa wa utangulizi.

Na kama ni kutaja mashujaa, Gebisa Ejeta hakuwahi kulihusudu suke. Sudan alitoa chotara ya Hageen Dura-1 mwaka 1983, kisha huko Purdue, akishirikiana na mwanakemia Larry Butler, akaigeukia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Badala ya kusubiri shamba lililoshambuliwa bila mpangilio, hapa pamejaa, pale hapana, waliotesha mtama na mbegu za kiduha kwenye agari maabara wakaona mizizi ya nani inaiamsha kiduha na ya nani inaiacha ilale. Kutoka kazi hiyo Tanzania ilipata aina za Hakika na Wahi mwaka 2002. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Tazameni alichokifanya kimsingi: aliona shamba linadanganya, akatafuta mahali pa kupimia pasipodanganya. Gardner alifanya hivyo kwa kamba, Ejeta kwa agari. Sisi tulikuwa na kamba.

Aya ya mwisho ya ripoti inapendekeza kituo kihamie kwenye uteuzi wa kutumia vinasaba. Sina ugomvi na vinasaba. Vikitumiwa vizuri vinafupisha miaka. Ila vinasaba vinafundishwa kwa takwimu za shamba. Ukikipa kikokotoo mavuno yaliyochanganyika na samadi ya zizi, kitakutafutia jeni za samadi, na kitakupa jibu lenye desimali nne.

Mbegu ya mzunguko sifuri bado ipo kwenye chumba cha baridi; nimeuliza, wakanihakikishia. Basi mstari wa halaiki ufutwe kwenye jedwali la tatu, au angalau uandikwe pembeni yake kwamba shamba halikugawanywa. Na mvua za Desemba zikishika, mbegu hiyo ipandwe upya juu na chini ya mteremko, vigingi vikiwa vimechomekwa na kamba imevutwa kabla ya palizi ya kwanza, ili kila mmea uchaguliwe miongoni mwa majirani zake.